Mto Aliouvuka Farahani

Karagwe, Mfunguo Tano, 1326

Kwa dada yangu mpenzi, Bi Mwanamisi binti Mwinyimvua, Pangani.

Nashika miguu yako, dada, kwa mikono miwili. Natumaini waraka huu utakukuta u mzima, goti lako limetulia, wanao hawajambo, na yule paka mwizi wa samaki bado yupo, maana nyumba hiyo bila yeye siijui. Sisi huku tu wazima. Mvua hainyamazi, ngozi hazikauki, na chumvi dukani inatoa machozi, lakini rehema za Mungu ni nyingi. Mwaja, mke wangu, anakusalimu sana, na habari zake ndizo zitakazojaza karatasi hii.

Kwanza ahsante kwa vitabu. Nilikuandikia kwamba Mwalimu Abdulghani, anayewasomesha watoto wa wafanyabiashara hapa Nyaishozi, ametutaka kila ajuaye kusoma achague kisa kimoja kirefu, akichambue na kukiandikia sharhi: wapi mtungaji amepatia, wapi amekosea, na watu wake wana akili au hawana. Kisha tuisome mbele ya wenzetu baada ya sala ya Ijumaa. Ukaniletea vitatu kwa msafara, umevifunga kwa kaniki, na hata kimoja hakikulowa.

Sasa kuchagua. Nikasema nitamsomea Mwaja kidogo kidogo, alasiri, mvua inapofukuza wateja, na kitakachomkalisha ndicho nitakachokichukua. Cha kwanza, kile cha kadhi mla rushwa, kilimpeleka usingizini. Cha pili, cha vita vya masultani, alikisikiliza akauliza jeshi lote lile lilipikiwa na nani. Na kwa kuwa mtungaji hakusema, akarudi kumenya ndizi zake. Cha tatu ndicho cha Farahani. Wewe umekisoma, unamjua: kijana asiyetishwa na kitu, aliyeposa mbali, akauvuka mto uliofurika kwa kuogelea, upanga mdomoni, ili awaamkie wazazi wa mchumba wake. Mwaja aliiacha ndizi imemenywa nusu. Kisu kilibaki mkononi mpaka nikafunga kitabu.

Nilifurahi siku hiyo. Nilidhani nimepata kitabu, kumbe nimejiletea mwanamume nyumbani.

Kuanzia hapo nyumba ikawa ya Farahani. Nikichelewa msikitini, Farahani asingechelewa. Nikigombana na mpagazi, Farahani asingepandisha sauti. Ng'ombe ambaye Mwaja alipewa na mjomba wake akazaa ndama dume, na unadhani alimwita nani? Kila asubuhi nikawa naamshwa na mke wangu akiita jina la mwanamume mwingine kwa sauti laini, na yule ndama anakuja mbio. Cheka, dada. Mimi sikucheka. Nilishikwa na wivu. Mtu aliye hai utamwendea umwulize anataka nini kwako. Huyu wa karatasini utamfanya nini?

Na liko neno lililonichoma kuliko yote. Harusi yetu ilifanyika upande huu, dukani kwa marehemu baba yake, lakini mama yake ni Mnyambo na sasa anakaa na ndugu zake ng'ambo ya mto Kagera. Mila yao inataka mkwe aende mwenyewe kuwaamkia. Sijakwenda hata mara moja. Mara ngozi, mara homa, mara nasema sitaki Ijumaa inikute njiani. Mwaja alikuwa amekwisha kuchoka kuniomba. Tulipofika kwenye mto wa Farahani alinitazama, akasema polepole kwamba kumbe wako wanaume wanaovuka. Tena akaniambia mvua zikikatika atakwenda kwao peke yake, na hakutaja habari ya kurudi.

Basi nikamharibu Farahani. Mwaja hajui kusoma, na macho ni yangu. Nikaanza kusoma yasiyoandikwa. Siku moja nikampa mkoromo wa kutikisa hema. Kesho yake nikamfanya bahili wa chumvi, anayewapimia wageni kwa ncha ya kidole. Mwaja akawa anasikiliza kimya, nikaona dawa inaingia. Kisha nikaurudia ule mto. Nikasema aliyevuka siku ile alikuwa mtumishi wake, amevaa nguo zake. Farahani mwenyewe alibaki ukingoni, akiwaambia watu kwamba analinda mizigo. Nikaeleza jinsi maji yanavyomwita mtu, jinsi kifua kinavyobana, na jinsi alivyoona aibu kumwambia mchumba wake. Nilieleza vizuri mno, dada. Nadhani wewe hapo umeshaelewa.

Nikaendelea hivyo mpaka Ijumaa ikawadia, nikasoma sharhi yangu. Nilimnyonyoa Farahani kama kuku. Bahili, nikasema, tena mwoga, na mtungaji anatutaka tumsifu mtu anayewatanguliza wenziwe majini. Watu waliitikia kwa vichwa. Mwalimu Abdulghani akanikabidhi kitabu, akaniomba kwa adabu nimwonyeshe ukurasa wa ule woga. Nikafunua mbele, nikafunua nyuma. Wallahi, dada, nilikuwa nautafuta kweli. Wivu ulikuwa umenilevya hata nikasahau kipi cha mtungaji na kipi changu.

Mwalimu ni muungwana. Alisema tu kwamba nakala za visa hutofautiana, na hii yangu ni nakala ngeni. Lakini macho yake yalicheka. Kumbe siku nilipokwenda Songambele kutafuta ngozi, Mwaja alikipeleka kitabu kwa Bi Shufaa, mke wa Mwalimu, amsomee, kwa sababu hakuweza kungoja kujua kama yule mwoga wa ukingoni mwishowe atavuka. Bi Shufaa akamsomea chote. Mke wangu alikuwa anajua, na alasiri zote zilizofuata alikaa mbele yangu akinisikiliza nikidanganya.

Nilirudi nyumbani nimejiweka tayari kwa matusi. Nilimkuta akimlambisha ndama chumvi. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushindwa, basi amchukue Farahani wake wa kweli, yule wa upanga mdomoni. Akajibu bila kugeuka:

"Yule wa Bi Shufaa anavuka tu, simjui. Huyu wako namjua, anakoroma ubavuni mwangu. Ila hili la maji hukuniambia, bwana. Miaka yote nilidhani unawadharau watu wa mama."

Nikakukumbuka wewe, dada. Wewe ndiye uliyenivuta kwa kanzu siku ile mtoni Pangani, nimekwisha kumeza maji, ukaapa hutamwambia baba. Hukumwambia, nami sikumwambia mtu. Mito ya njia ya bara niliivuka mabegani mwa wapagazi, macho nimeyafumba, nikisema naumwa. Kagera haivukwi kwa mabega. Nilikuwa radhi mke wangu anione mwenye dharau kuliko anione mwoga, na kwa hilo nilikuwa karibu kumpoteza.

Usidhani wivu umekwisha. Ndama bado anaitwa Farahani. Nimeomba abadilishiwe jina, nikaambiwa ameshalizoea. Na juzi nilimsikia Mwaja akimsimulia Bi Shufaa habari za bwana mmoja anayeogopa maji, kwa sauti ile ile laini. Damu ikanipanda, kisha nikakumbuka bwana huyo ni nani.

Mwalimu amenitaka niandike sharhi upya. Kitabu sikubadilisha. Nitasema kosa la mtungaji ni moja, hakumwuliza Farahani hata mara moja kama maji yalikuwa ya baridi.

Nisalimie shemeji, watoto, na wote wanaoniulizia. Waraka huu nampa Ramadhani, anayerudi na msafara. Leo tunavuka kwenda kuwaamkia wakwe, na Mwaja amekwisha kuketi mtumbwini na kikapu cha zawadi za kumpelekea mama yake. Amenyoosha mkono, anauliza ni waraka gani usiokwisha. Amesema atanishika kanzu. Nimemwambia hapo ndipo uliponishika wewe kule Pangani, naye akasema ndiyo maana.

Niombee dua, dada.

Mimi mdogo wako,
Zubeiri bin Mwinyimvua,
ukingoni mwa Kagera, bado upande huu.