Jogoo wa Mwenye Nyumba

Mpendwa dada Rehema,

Shikamoo. Hiyo ni haki yako kwa kuwa ulitangulia kuzaliwa, ipokee. Nyingine sina ya kukupa. Neno mpendwa nimeliandika kwa sababu barua huanza hivyo.

Umempigia simu kaka Hamisi. Umempigia mkewe, ambaye miaka yote hukuwa unamsalimia. Umempigia hata mwenyekiti wa kitongoji, unauliza kwa nini kifurushi ulichomtumia mama kwa basi kimerudi Dar bila kufunguliwa. Mimi hukunipigia. Nadhani ulijua kwamba mimi ningekujibu. Basi nakujibu, na nakujibu wazi mbele za watu, maana na wewe ulichokifanya hukukifanyia chumbani.

Unaukumbuka mwamba wa nyuma ya zizi? Tulikuwa tunachukua gunia tupu la mashudu, tunapanda nalo mpaka juu, tunalikalia na kuteleza hadi kwenye mchanga. Kila mvua ikinyesha na mwamba ukawa haujulikani umekaaje, ulinitanguliza mimi. "Nenda wewe kwanza mdogo wangu, wewe mwepesi." Nikifika chini mzima, ulinifuata. Nikichubuka, ulikaa kule juu ukacheka mpaka ukashika tumbo, halafu ukashuka taratibu kwa njia ya mbuzi. Nilikupenda sana wakati ule. Nilidhani unacheka kwa sababu unafurahi kuwa na mimi.

Nimeukumbuka mwamba huo kwa sababu ulipotuma ile picha kwenye kundi la familia, kitu cha kwanza nilichokiona ni mwamba wetu uliopakwa rangi ya bluu na kumwagiwa maji. Ulituambia kwamba baada ya mavuno familia nzima itakwenda Dar, kwenye hoteli ya michezo, yenye mabwawa, mabomba ya kuteleza, na gurudumu kubwa linalopandisha watu juu. Tutalala huko huko na kula huko huko. Ulisema utagharamia kila kitu. Kaka Hamisi, unamjua, akauliza kama ni kweli dada anatulipia nauli twende tukaloe, wakati hapa kijijini Mkiwa tunapanga foleni ya madumu kwenye bomba. Tulicheka wote, na mama alicheka kuliko sisi.

Kazi ya maandalizi ulinipa mimi, kwa kuwa mimi ndiye wa kuandika mambo. Nikakuuliza yale ambayo mtu asiyewahi kufika mahali hulazimika kuuliza. Ngazi ni nyingi? Mtu mzima mwenye magoti mabovu atapita wapi? Mama anaweza kuingia majini na kitenge? Chakula chao kina nini? Ulinijibu kwa vikatuni vya kucheka. Siku moja ulinijibu kwa maneno, ukaniambia niache ushamba, mambo ya huko yanajulikana ukifika.

Mama yeye alikuwa na swali moja tu. Ulipiga simu ya picha jioni, akaishika kwa mikono miwili kama sahani ya mboga ya moto, akakuuliza, "Hiyo nyumba ni ya nani?"

Ukamwambia ni ya tajiri mmoja.

"Na tutalala kwake?"

"Ndiyo mama."

"Na kula?"

"Na kula, asubuhi mpaka jioni."

Mama akasema basi atamwandalia jogoo. Wewe umezaliwa kwetu, Rehema, huhitaji kufundishwa. Mgeni wa kulala haingii mikono mitupu. Anakwenda na kuku, anamkabidhi mwenye nyumba kwa mkono wake, anasema maneno yake, na kuku akishapokelewa ndipo mgeni anapoketi. Kuku asipopokelewa, mgeni hajapokelewa. Hanywi hata maji ya nyumba hiyo.

Nilimweleza mama kwamba ile ni biashara, mtu analipa mlangoni kama anavyolipa gesti ya Shelui, na mwenye nyumba hatutamwona hata kisogo. Mama akaniambia nisimfundishe. Dada yako ndiye amefika, akasema, wewe umefika wapi? Nikakuomba wewe umwambie. Siku ya pili ukampigia, mimi nimekaa pembeni nasikia, ukamwambia, "Mama, mlete huyo jogoo. Mwenye nyumba atafurahi mno."

Najua unayo majibu yako. Lakini mimi naandika siku zangu, Rehema, tangu shuleni, na siku nilizoziandika hazibadiliki kwa kuwa wewe umezisahau.

Basi mama akaanza kumtunza yule jogoo mwekundu. Abiria wa mabasi aliokuwa akiwauzia kuku njia panda walimtaka, wakaongeza bei, akawaambia huyu ana mwenyewe. Alimlisha uwele na mashudu, akamtenga na wenzake wasimng'oe manyoya. Tenga alilisuka mwenyewe. Jioni akisha kufunga mlango wa banda, nilimsikia akiyapanga maneno yake, ya Kiswahili, kwa sababu alisema mwenye nyumba wa Dar hatajua Kinyaturu chetu. "Sisi ni watu wa Mkiwa. Umetufungulia mlango wako na hutujui. Hiki ni kidogo tulichonacho, kipokee." Aliyarudia akipepeta, akayarudia akichambua mboga, akaniuliza kama "kipokee" inatosha kwa heshima au aseme "tunaomba ukipokee". Nilimwambia aseme tunaomba. Ndilo jambo pekee la safari ile ambalo aliniuliza mimi.

Tulifika kwenye ile hoteli tumechoka, watoto wa Hamisi wamevimba miguu. Ulikuwa langoni na rafiki zako wawili, na simu zenu zilikuwa juu tayari. Nilifikiri mnapiga picha ya kutupokea. Mama akajifunga kitenge vizuri, akamtoa jogoo kwenye tenga, akapiga goti kidogo mbele ya binti wa mapokezi mwenye sare, ambaye umri wake ni wa mjukuu, akasema maneno yake yote bila kukosea hata moja.

Yule binti hakuelewa. Alimtazama mlinzi. Na wewe ukasema, nyuma ya simu yako, kwa sauti ile ile ya juu ya mwamba:

"Mama, mwambie tena, hakusikia."

Mama akamwambia tena.

Rafiki yako mmoja alikuwa ameshikilia nguzo kwa kucheka. Mlinzi akaja, akasema kwa adabu kwamba wanyama hawaruhusiwi kuingia, kuku arudi nje. Simlaumu, ni kazi yake. Lakini mama alichosikia si sheria ya wanyama. Alisikia mwenye nyumba amemkataa. Akamrudisha jogoo kwenye tenga, akaliinua tenga, akaenda kukaa kwenye benchi la walinzi nje ya ukuta. Ulimfuata, na ukamwambia asikutie aibu mbele za watu, umeshalipa. Akakujibu kwamba yeye hawezi kula kwa mtu ambaye hajampokea. Ukageuka, ukaingia ndani.

Nilikaa naye pale benchini. Hamisi aliingia na watoto kwa sababu watoto walikuwa wameshaanza kulia. Tuliagiza chai na mihogo kwa mama ntilie wa ng'ambo ya barabara, tukala. Sauti za watoto zilikuwa zinaruka ukuta, na mama akaniuliza wanalia nini. Nikamwambia hawalii, wanateleza. Akasikiliza.

"Kama nyie mwambani," akasema.

Baadaye akauliza kama wewe umeshapata chakula. Nilitaka kumwambia usife njaa kamwe, Rehema, uishi miaka mingi, uione na simu ya mwanao ikiwa juu, inakurekodi wewe. Nikamwambia umeshakula.

Tulirudi Mkiwa na jogoo wetu. Hachinjwi, kwa sababu alishatolewa. Hauzwi, kwa sababu hakupokelewa. Yupo bandani, amezeeka, anawika alfajiri kama kawaida, hajui yeye ni nani.

Ile video yako ilifika kabla yetu. Ilikuwa imepita simu kwa simu, umeiwekea muziki na maandishi ya kuchekesha, na sauti yako inasikika vizuri kabisa. Makonda wa mabasi ndio waliomletea mama. Unakumbuka alivyokuwa anasimama pale njia panda, kuku mkono huu na kuku mkono ule, tangu sisi tunanyonya? Ada yako ya sekondari ilitoka pale, na yangu pia. Basi likawa linasimama, konda anachungulia dirishani anapaza sauti, "Mama, mwambie tena, hakusikia," na basi zima linaangua kicheko. Siku za mwanzo mama alicheka nao, alidhani ni utani wa wateja. Alipoambiwa ipo video, akamwomba mtoto wa Hamisi amwonyeshe. Alitazama yote. Akarudisha simu, akaenda kufungia kuku.

Tangu hapo haendi njia panda. Mimi ndiye ninayesimama, na sina mdomo wake. Kuku wanarudi nyumbani wengi. Yeye anakaa uani ameupa mgongo upande wa barabara. Watu wakija kununua nyumbani, ananiita nizungumze nao mimi. Maneno hayamtoki mbele ya mtu asiyemjua. Mama yetu, aliyekuwa anabishana bei na madereva wa malori mpaka wanashuka kumsalimia, siku hizi akiulizwa bei ya kuku ananitazama mimi usoni, kama mtu anayengoja kuruhusiwa.

Ulichukua hicho, dada. Nimekutafutia jina la kistaarabu la jambo hilo, sikulipata.

Halafu ukaleta kifurushi. Konda alishuka nacho pale njia panda, akasema ni cha mama na ametakiwa amkabidhi mwenyewe mkononi. Nilikwenda kumwita nikijua atakataa kutoka. Akauliza kimetoka kwa nani. Nikamwambia. Akanawa mikono, akafunga kitenge, akatoka hadi barabarani, mara ya kwanza tangu turudi. Wanawake wenzake wa kuku walimpisha bila neno.

Konda alimnyooshea kile kifurushi. Mama hakunyoosha mkono. Alikitazama, jina lako limeandikwa kwa wino mkubwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba kirudi kilikotoka, hapa hakuna wa kukipokea. Unajua maana yake kwetu. Sijui kama rafiki zako wataijua, waeleze.

Injini ilikuwa inanguruma, konda akainama, akaweka mkono sikioni. Abiria walikuwa wameshajaa madirishani. Mama akasita, akanigeukia na lile jicho lake la siku hizi. Nikamwambia:

"Mama, mwambie tena, hakusikia."

Alinitazama sana. Nikaogopa. Kisha akacheka, Rehema, kicheko chake cha zamani, kile cha kifuani. Akaligeukia basi, akamwambia konda tena, kwa sauti ya kuuzia kuku, mpaka mtu wa kiti cha nyuma akasikia.

Kesho yake alfajiri alinitangulia njia panda.

Kwa hiyo kifurushi chako kimerudi kwa sababu hiyo, na wewe ukija utakuta ni hivyo hivyo. Usihangaike kumpigia mwenyekiti. Benchi tunalo, liko nje ya ua, linatazama barabara. Kwa upande wangu nakuaga hapa. Simu yako sitaipokea, na salamu za sikukuu mpe Hamisi atuletee.

Ni mimi mdogo wako,
uliyekuwa ukimtanguliza mwambani.