Kisanduku cha Sauti na Jina la Marehemu

Palma, Alhamisi. Mvua ya asubuhi imekatika, jua linazama, na viganja vyangu vimevimba. Naandika polepole.

Leo nimemaliza kisanduku cha tatu. Cha kwanza hutoa sauti moja ndefu. Cha pili, ukikiunga kwa waya, huitetemesha. Hiki cha tatu huipandisha na kuishusha kama zumari. Miezi miwili nimekihangaikia, kwa transista alizonivushia shemeji yangu kutoka Mtwara, akikwepa doria za Wareno kwenye mto wa mpakani. Mimi ni fundi radio. Nilitaka tu chombo cha muziki ambacho hapa hakuna mwenye nacho.

Baada ya Adhuhuri nilikijaribu. Kikalia! Almanusura nitokwe na machozi.

Ndipo sajini wa Kireno akaingia na askari wawili.

"Unaongea na waasi gani kule msituni?"

"Siongei na mtu, sinyori. Ni muziki."

"Haya, piga."

Nikageuza kitufe. Kimya. Dada yangu Mwanaisha, mke wa shemeji huyo, akasema taratibu, "Kaka, waya wa betri umechomoka." Nikauchomeka, sauti ikapanda. Askari mmoja akacheka. Sajini hakucheka.

"Transista umezipata wapi?"

Mwanaisha akanitazama. Nikajibu: kwa marehemu Saidi, jirani yetu.

Nilidhani aliyekufa hadhuriki.

Wakabeba visanduku vyote, wakaenda moja kwa moja kwa mjane wake, Bi Somoe. Wakapekua nyumba mpaka chini ya kitanda, kisha wakamchukua hadi posto, kituo chao.

"Ulidhani maiti hana nyumba?" Mwanaisha aliniuliza.

Kumtaja mume wa dada yangu sikuweza. Kumwacha yule mama pia sikuweza. Nikaenda posto, nikasema nilidanganya, transista nimezichomoa kwenye radio za wateja. Sajini aliuamini wizi upesi kuliko alivyouamini muziki. Nikapigwa palmatoria, kile kibao chenye matundu, viganja vyote viwili, mpaka nikaacha kuona vizuri. Bi Somoe, aliyekuwa amefungiwa chumba kingine, wakamwachia. Visanduku vyangu sikurudishiwa.

Habari zimeshaenea. Wateja watatu wamekuja kuchukua radio zao, hata salamu hawakunipa.

Halafu, muda mfupi uliopita, akaja Bi Somoe na mafuta ya nazi. Akaketi, akavishika viganja vyangu, akavipaka.

"Wamesema umejitaja wewe ndipo wakaniachia. Umeniokoa, mwanangu. Lakini nani kamsingizia mume wangu? Mwenyewe hata radio hakuwa nayo."

Mwanaisha akatoka nje.

Nikamwacha aendelee kunipaka.

Mwoga mimi.

Naandika hili hapa nisije nikajidanganya: aliyemsingizia ni mimi. Nikishaswali Alfajiri nitakwenda kwake, nimwambie kwa mdomo huu huu, hata kama hatanipa tena mkono.