Karibuni Nyumbani

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeisha, na lile blanketi ulilonifungia bado najifunika.

Najua kaka ameshakupa maneno. Basi yasikie kwangu. Huku ugenini rubani akishatua huwaambia abiria, "Karibuni nyumbani." Nimeyasema miaka yote. Mwezi uliopita abiria mmoja akalalamika: mgeni anamkaribishaje mwenyeji kwake? Bosi akaniita. "Wewe sema tumefika, basi. Usinitafutie balaa." Nikatii, maana ndiye anayeniombea kibali cha kazi.

Jana upepo ulitupiga ubavuni, ndege ikayumba, watu wakamwita Mungu hadi tukawasikia kule mbele. Nikaitua taratibu, kama ninayemlaza mtoto. Wakapiga makofi. Msaidizi wangu, mwenyeji, akaninong'oneza, "Kapteni, acha niseme mimi."

Nikashika kipaza sauti. "Karibuni nyumbani," nikasema, polepole, kila mtu asikie.

Kisha nikashuka, nikapanga foleni ya wageni pale uhamiaji, nikiwatazama niliowaleta wakipita upande wa wenyeji.

Kibali kinaisha mwisho wa mwezi, na bosi hapokei simu zangu. Asipokee. Simwombi radhi ng'o! Nimelitetemekea neno moja mwezi mzima, imetosha.

Hiyo nauli unayotaka kunitumia nirudi, Shangazi, kata nayo tiketi yako. Njoo kabla mwezi haujaisha, ukae viti vya mbele, usikie ninavyowakaribisha.

Mimi,
mkaidi wako uliyemlea mwenyewe