Chai ya Sanamaki

Jumatano, baada ya magharibi

Na bado shangazi Mwanaidi anasema, "Majani tu yale, yana ubaya gani?" Ubaya gani! Asubuhi mama kaanguka mlangoni mwa choo, tumbo linamkata, miguu haina nguvu hata ya kusimama.

Alikosa choo siku tatu tu. Nilimwambia ale papai, anywe maji mengi. Shangazi akaja na sanamaki yake, majani ya kulainisha choo. Muuzaji alimwambia kijiko kidogo kwa kikombe, mara moja, wakati wa kulala. Yeye kachemsha konzi nzima mpaka maji yakawa meusi, na mama kanyweshwa kutwa mara tatu, siku nne mfululizo. Mtu wa presha!

Pale zahanati nesi aliniuliza, "Ametumia dawa gani?" Nikajibu bila wasiwasi: za presha tu. Akauliza tena. Mama ndiye aliyesema kwa sauti ya chini, "Na ile chai ya wifi."

Nesi akanitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

"Sanamaki ni dawa, dada. Kidogo, siku moja au mbili, basi. Na mwenye presha aulize kwanza."

Nimemfokea shangazi mpaka majirani wakachungulia. Mtu mzima yule, nimemkosea adabu, na hasira haijaisha.

Maana kuna jambo sikulisema nilipomfokea. Yeye alichemsha tu. Kila kikombe nilikipeleka mimi, kwa mkono wangu huu. "Mama, chai yako."