Sweta Yenye Vifungo Vitano

Ghorofa ya Pili, Nyuma ya Soko
Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za huko? Mgongo wa wifi umepata nafuu, au bado anainamia mashine za kufulia za hospitali kutwa nzima? Na wewe unakula, au unashindia chai? Sisi hatujambo. Goti langu linalalamika kwenye ngazi, ila mdomo, kama unavyoujua, ni mzima kabisa.

Barua yako ilifika Jumanne. Unasema kwa kuwa shule imeandika kwamba mwanao hawezi kujivalisha, basi muhula ujao apelekwe bweni wakamnyooshe. Ana miaka mitano, bwana! Anyooshwe nini, yeye ni waya?

Nilikuandikia jibu kali la kurasa sita, nikalichana. Wewe unaogopa kwa sababu uko mbali, na hofu hiyo naielewa. Isitoshe, kosa lilikuwa langu.

Kila asubuhi nilimfungia vifungo vya sweta mwenyewe, mbiombio, tusichelewe. Jioni namwambia, "Haya, vaa mwenyewe." Akishindwa, nafoka. Ikafika mahali akawa anaificha sweta chini ya kitanda.

Barua ya shule ilipokuja, nilimwendea mwalimu wake na hotuba mfukoni. Mtu niliyegombana na mawaziri kwa makala zangu gazetini, nitashindwaje na mwalimu wa chekechea? Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa sweta yake, akashusha mikono, akasema, "Haya shangazi, nifundishe kufunga kifungo. Nitafanya unachosema tu."

"Funga kifungo," nikamwambia.

Hakutikisika. "Naanza na mkono upi?"

"Kishike!"

Akakishika kwa kiganja kizima, kama anayekamata nzi.

"Sasa kiingize!"

"Wapi, mfukoni?"

Mfagizi aliyekuwa mlangoni alicheka mpaka akaegemea ufagio. "Mama wa magazeti leo kapatikana!"

Mdogo wangu, tulikaa tukahesabu. Kufunga kifungo kimoja ni mambo saba, kuanzia kutafuta tundu lake, kukilaza ubavu kipenye, hadi kukivuta upande wa pili. Mimi nilimtupia mtoto yote saba kwa neno moja, kisha nikamwita mzembe.

Mwalimu huyu anaanzia mwishoni. Mimi nakisukuma kifungo mpaka nusu yake itokeze upande wa pili. Mtoto anakivuta tu. Ni kazi ndogo, lakini anayemaliza ni yeye. Akizoea, namwachia na hatua iliyotangulia. Siku ya kwanza alikivuta, akakitazama, akasema, "Shangazi, nimefunga." Sikumsahihisha. Nilikwenda jikoni nikaosha kikombe kisafi.

Hii ni wiki ya tatu. Vitatu vya chini anafunga peke yake. Cha nne nakifikisha nusu, yeye anamalizia. Cha juu kiko chini ya kidevu, hakioni, hapo bado namsaidia.

Sasa nikwambie jambo, usinikasirikie. Jumapili iliyopita ulimuuliza kwenye simu, "Umeshaweza kuvaa, au bado?" Akajibu bado, maana hukumwachia jibu jingine. Kisha akaenda kuificha sweta chini ya kitanda tena. Najua hukukusudia.

Mwalimu mkuu anataka jibu kabla ya Ijumaa ya tarehe 21: abaki au ahamishwe. Fomu nimeiweka humu, nimejaza kila kitu isipokuwa saini. Baba ni wewe, sikunyang'anyi. Lakini ukimhamisha sasa, ataangukia mikononi mwa mtu asiyejua tumefika wapi, na huyo naye ataanza kwa kumwambia, "Vaa mwenyewe." Niko radhi kugombana na shule yoyote duniani. Na wewe sitaki. Nakuomba.

Mpe wifi pole ya mgongo, na binamu yetu fundi umeme mwambie simu yangu huwa inapokea pia. Mama anawaombea kila siku. Mungu awape afya na mapumziko.

Barua hii ikikufikia, siku utakayopiga tena muulize, "Umefika kifungo cha ngapi?" Hilo ana jibu lake.

Dada yako akupendaye, hata anapokufokea,
Shangazi wa mwanao