Chai ya Meneja

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Msamala hatujambo, na bibi yako anapukuchua mahindi.

Umeuliza nani alinifundisha udiwani. Kabla sijawa diwani nilikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi kwenye kiwanda cha tumbaku. Siku moja niliingia kwa meneja kudai vitambaa vya kuziba pua, maana vumbi lilitumaliza. Wenzangu walingoja juani. Nilitoka nimeshiba chai, vitambaa sina.

Dada mmoja mchambuaji wa majani akaniambia, "Futa mdomo kwanza, katibu, ndipo utueleze."

Nilirudi ndani, nikakataa kiti, nikadai nimesimama mpaka meneja akakubali. Katika udiwani wangu wote sikugusa chai ya ofisini kabla wananchi hawajasikilizwa.

Namshukuru Mungu kwa dada yule. Ndiye huyo anayepukuchua mahindi, na mpaka leo nikitoka kikaoni hunitazama mdomo.

Babu yako