Madereva Wawili, Kabini Moja

Shadya, pokea simu.

Basi soma. Isidori, dereva wangu, karudi leo kutoka mpakani. Si unajua nchi za Jumuiya zimeshindwa kukubaliana cheti kimoja cha korona? Cha kwetu majirani wanakikataa. Wakaamua dereva wetu aishie mpakani, wa kwao apokee lori, ili watu wasichanganyike.

Wasichanganyike, Shadya.

Isidori anasema lori lake lina vituko, hawezi kumwachia mtu hivihivi. Wakashinda kabini wawili, anamfundisha gia, vioo wamepandisha kwa sababu ya vumbi. Ugali wamekula sahani moja. Ananisimulia hapa dukani huku anacheka na kukohoa.

"Vumbi tu, bosi."

Vumbi. Sasa hivi bosi wa yule dereva mwingine kanipigia. Mtu wake kapimwa, anayo.

Nimemtoa Isidori nje, nimefunga duka. Lakini mama yako alikuwepo, alipitia kukuchukulia kitenge. Akamhurumia na kile kikohozi, akamshika paji la uso, akammiminia chai.

Simu yake haipatikani. Aliondoka kabla sijapigiwa, anakuja kwako kumwogesha mtoto.

Mzuie mlangoni. Shadya, pokea simu.